Matonge Mawili

Treni ya kutoka Dar es Salaam ikiingia Kilosa, hoteli ya Mzee Mwinshehe pale karibu na stesheni haina pa kutia mguu. Siku hiyo ya mwaka sabini na mbili treni ilikuwa imechelewa, ikaingia saa saba mchana, saa ile ile ambayo Agnesi hutoka Posta kwenda kula. Alikuta abiria wamejaa mpaka mlangoni, wengine wanakula wamesimama, moshi wa kuni umechanganyika na harufu ya samaki wa kukaanga, na Mzee Mwinshehe mwenyewe anapiga kelele, "Wali umebaki sahani nne! Wa tano asijisumbue kukaa!"

Nafasi moja tu ilikuwa wazi, kwenye meza ya pembeni, mbele ya kijana aliyejipangia sahani tatu peke yake.

Agnesi alikuwa mpiga simu wa Posta. Ndiye aliyekaa na vile vyombo masikioni akichomeka na kuchomoa nyaya, na mtu yeyote wa Kilosa au Mikumi aliyetaka kuongea na mtu wa mbali alipitia kwanza kwenye sauti yake. Basi kusema na mtu asiyemjua hakukumpa taabu hata kidogo. Alikaa, akaweka sawa gauni lake la kitenge cha njano, akatazama.

Kijana alimega tonge la wali, akalichovya kwenye mchuzi, akafumba macho, akatafuna taratibu. Akamega la pili. Kisha akaisukuma sahani pembeni akaivuta ya ugali na maharage. Matonge mawili, akaisukuma. Akaivuta ya ndizi na nyama.

"Kaka," Agnesi alishindwa kuvumilia, "hiyo ni njaa au ni maonyesho ya Sabasaba?"

"Ni kazi, dada."

"Kazi ya kuchezea chakula, na wenzako wamesimama wanameza mate?"

"Basi nisaidie. Karibu hapo kwenye maharage, uniambie kama chumvi haikuzidi."

"Sili chakula cha mtu nisiyemjua jina."

"Lupakisyo. Sasa unanijua. Nawa mikono."

Agnesi alicheka, akanawa. Chumvi ilikuwa imezidi, tena sana, naye akasema hivyo hivyo bila kupakapaka mafuta, kwa sauti iliyomfikia Mzee Mwinshehe mwenyewe. Lupakisyo alifurahi mno. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limenyooshwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na kazi yake haikuwa mchezo. Ushirika mmoja wa mabasi wenye makao yake Mbeya ulikuwa unataka kuanzisha safari za kutoka Kilosa, kupitia kijiji cha Ulaya na Mikumi, hadi Malolo kule milimani. Mwenyekiti wao, mtu aliyewahi kuumwa tumbo safarini akasimamisha basi porini, alikuwa ameapa kwamba abiria wa ushirika hawatakula ovyo. Lupakisyo akatumwa atangulie, atafute hoteli moja nzuri katika kila kituo.

"Kwa siku naingia hoteli tano, sita," alieleza. "Nikishiba ya kwanza, za mbele zitapunjwa. Kwa hiyo nakula matonge mawili tu. Chakula kikinipendeza, narudi siku nyingine bila kuitwa, namaliza sahani."

"Na usiporudi?"

"Nikila mawili nisirudi, ujue hoteli hiyo nimeshaizika."

"Na hapa kwa Mzee wetu?"

"Kesho nitakuwepo."

"Kwa maharage haya ya chumvi?"

"Maharage yana kasoro, dada. Aliyeniambia hana."

Alirudi kesho yake, akarudi keshokutwa. Halafu kazi ikampeleka Mikumi, na hapo ndipo mapenzi yalipohamia kwenye waya. Kila jioni, kabla Agnesi hajakabidhi zamu, taa ndogo ya Mikumi iliwaka mezani kwake.

"Kilosa," alisema kwa sauti ya kazi.

"Hapa Mikumi. Naomba namba ya moyo wako."

"Hiyo haimo kitabuni."

"Basi nitangoja kwenye laini mpaka ipatikane."

"Kuna mtu wa hospitali anangoja nyuma yako, wewe. Sema upesi, umekula wapi leo?"

Naye alisema. Ulaya alikuta ugali mgumu ambao, kwa maneno yake, ungefaa kujengea zahanati ya kijiji. Malolo baridi ilimng'ata, lakini mama mmoja alimkaangia vitunguu vitamu vya kule na dagaa, akamaliza sahani akaomba nyingine. Pale Mikumi penyewe, kwenye kituo cha malori, alipita hoteli baada ya hoteli akisukuma sahani, mpaka alipofika kwenye kibanda cha Lemayan, mfugaji aliyekuwa akichoma mbuzi kwa chumvi tupu.

"Nimevunja sharti, Agnesi. Nimekula paja zima."

"Mlafi mkubwa."

"Ungekuwepo ningekuachia nusu."

"Nusu tu?"

"Ua langu, wewe hujaliona lile paja."

Jumamosi moja Agnesi alikwenda kulitazama. Alishuka Mikumi amevaa viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo na kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau, akapokewa na Lupakisyo aliyevaa suruali ya bugaluu, pana miguuni kiasi kwamba vijana wa chama, waliopiga vita mavazi ya kigeni, wangemwona wangeipasua palepale. Walikaa kwenye gogo mbele ya kibanda. Malori ya Zambia yalipita yakinguruma, Lemayan akaleta nyama juu ya majani, na Lupakisyo akawa anachagua minofu laini anamwekea mwenzake.

"Agnesi, mimi nimekula na watu wengi," alisema. "Wewe ndiye ninayetaka kula naye mpaka meno yaishe."

Agnesi alicheka kwa raha. "Maneno hayo ukamwambie mama."

"Niende lini?"

"Jumapili."

Mama yake Agnesi alikuwa mjane wa mtaa wa Magomeni pale pale Kilosa, mwanamke aliyeitwa kwenye kila harusi kusimamia masufuria. Mumewe alifariki, wajomba walikuwa mbali, kwa hiyo mgeni wa bintiye alimpokea mwenyewe. Alichinjisha jogoo, akampika kwa nazi, akapika wali, akatandika mkeka mpya, akaketi mbele ya mgeni uso kwa uso, kwa kuwa hakukuwa na mwanamume wa kuketi naye. Lupakisyo alikuja na suti ya Kaunda ya rangi ya majivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Nawa, chakula kisipoe."

Mama alitwaa firigisi, ile ambayo hupewa mwanamume anayeheshimiwa katika nyumba, akaiweka mwenyewe mbele ya Lupakisyo. Kijana akainamisha uso. Jasho likamtoka. Akamega tonge, akala. Akamega la pili, akala. Kisha akavuta bakuli la maji, akanawa.

"Asante mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, baba? Kuku hujamgusa."

"Nimeshiba, mama."

Agnesi alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Alihisi masikio yanamwaka moto. Mama hakujua habari ya matonge mawili, lakini yeye aliijua vizuri sana.

Mgeni alipokwisha kuaga, mama alitazama firigisi iliyobaki peke yake kwenye sahani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, asiyekula kwangu haoi kwangu." Akaondoa vyombo.

Jumatatu taa ya Mikumi iliwaka.

"Agnesi, ua langu..."

"Ndugu, taja namba unayotaka."

"Ndugu? Mimi nakutaka wewe."

"Namba hiyo imefungwa." Akachomoa waya.

Jumanne hivyo hivyo, na Jumatano. Kutwa alikuwa mkali, hata wenzake kazini wakamkwepa, na akifika nyumbani alilala kifudifudi akilia kwa hasira na kwa mapenzi, kwa maana hasira haikuyafukuza mapenzi hata kidogo. Nyumba yao kupimwa kama kibanda cha barabarani! Na mama yake, ambaye mikono yake ilisifiwa Kilosa nzima, kuachiwa firigisi!

Alhamisi sauti ya Lupakisyo ilikuja ya upole, ya mtu wa mbali. "Ndugu mpiga simu, naomba Tukuyu, ofisi ya ushirika wa kahawa. Nataka kuongea na Ndugu Cleopa."

Kazi ni kazi. Agnesi aliitafuta Tukuyu, akaipata, akawaunganisha. Kanuni ilikataza mpiga simu kusikiliza maongezi ya watu, lakini aliyeandika kanuni hakuwa na mchumba. Agnesi alisikiliza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona Kiswahili leo? Lugha ya mama umeitupa wapi?"

"Nivumilie, kaka. Kinyakyusa hakitafaa kwa laini hii."

"Laini ndiyo inachagua lugha? Haya, sema."

"Nilikwenda ukweni. Wakaniketisha na mama mkwe mkeka mmoja, uso kwa uso."

"Uso kwa uso! Na chakula kipo?"

"Kipo. Kuku wa nazi, kaka. Wali unanukia toka barabarani. Na firigisi akaniwekea kwa mkono wake."

"Usiniambie ulikula!"

"Ningekulaje? Baba alitufundisha nini?"

"Kwamba mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe. Ni sawa na kumvulia nguo."

"Basi. Nilikula matonge mawili nisije nikamvunja moyo, nikanawa. Kaka, mimi nimezunguka hoteli zote toka Kilosa mpaka milimani, sijaonja chakula kama kile. Nimelala na njaa, na harufu yake bado iko kwenye vidole."

"Ulifanya vizuri. Wanasemaje?"

"Wamenifungia mlango. Na basi linaanza mwezi ujao, ushirika unanirudisha Mbeya. Nikiondoka hivi, kaka, ndiyo nimempoteza."

"Lakini uliwaeleza kwamba ndivyo tulivyolelewa?"

"Sikuwaeleza. Nilidhani dunia nzima ndivyo ilivyo."

"Mjinga wewe," Cleopa alisema. "Tena mjinga mwenye adabu, ndiyo mbaya zaidi."

"Dakika tatu zimekwisha," sauti ya tatu iliingia. "Mnaongeza?"

"Nani huyo?" Cleopa aliuliza.

"Ndiye mwenyewe, kaka."

"Ahaa! Ndiyo maana Kiswahili! Shemeji, msamehe huyu, akili zake zote ziko tumboni." Akakata simu.

Laini ikabaki na watu wawili.

"Lupa."

"Naam, ua langu."

"Nilidhani umeizika nyumba yetu."

"Ile ni kwa hoteli, Agnesi. Kwa mama yako nilikuwa naogopa hata kupumua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila nikifungua mdomo unaniita Ndugu."

Agnesi alicheka na kulia kwa pamoja. "Siku ile ulikula nini?"

"Mahindi ya kuchoma, stesheni."

"Masikini. Njoo Jumapili."

"Na mama?"

"Mama niachie mimi."

Maneno hayo yalikuwa rahisi kwenye simu kuliko nyumbani. Mama alimsikiliza akichambua mchele, hakuinua uso mpaka mwisho.

"Kwao akila mbele yangu amenivunjia heshima," alisema. "Kwetu asipokula amenitukana. Sasa nani amwachie mwenzake?"

"Sijui, mama."

"Wala mimi sijui. Aje. Nitapika, sitawanyima watu chakula. Lakini safari hii akiacha, ajue amekuacha na wewe. Na wewe usinililie."

Jumapili Agnesi hakusikia hata neno moja la ibada. Waliporudi, mama aliingia jikoni akamfukuza asimsaidie. Lupakisyo alipofika, amevaa suti ile ile, alikuta mkeka umetandikwa na chakula kimeshaandaliwa, lakini hakuna aliyeketi. Mama alikuwa amefunga khanga mbili kwenye mlango wa chumba cha ndani, zikaziba toka juu mpaka chini. Sauti yake ilitoka nyuma ya khanga.

"Karibu baba. Mimi niko huku, nina kazi zangu. Sikuoni."

Lupakisyo alizitazama khanga zile, akamtazama Agnesi, macho yakamjaa maji. Akanawa. Akamega tonge, akamega la pili. Agnesi aliushika ukuta. Kisha mkono ukaenda mara ya tatu, na ya nne, ukamshika kuku, ukamrarua. Na firigisi ya safari hii aliitafuna kwa makelele kabisa.

"Agnesi," mama aliita kwa sauti ya chini, "anakula?"

"Anakula, mama."

"Anakulaje?"

"Kama katoka jela leo."

Nyuma ya khanga kulisikika mguno, huenda ulikuwa kicheko. Sahani ilikwisha, ikaongezwa, ikakwisha. Lupakisyo akajifuta mdomo, akasafisha koo.

"Mama."

"Naam, baba."

"Kama upo, naomba ukoko."

Agnesi alishtuka. Mgeni hupewa mnofu, hupewa paja, hupewa maji ya moto ya kunawa. Lakini ukoko, ule wali uliokauka na kushika chini ya sufuria, ni mali ya watoto wa nyumba, nao huupigania. Hakuna mgeni anayeuomba, na hakuna mama anayempa.



"Ukoko hapewi mgeni," mama alisema.

"Najua, mama," Lupakisyo alijibu. "Ndiyo maana nimeomba."

Agnesi aliona pindo la khanga linatikisika. Halafu ikasikika sauti ya mwiko unakwangua sufuria, kwa nguvu, mpaka chini kabisa, na mkono wa mama ukapenya chini ya khanga na bakuli.

"Shika, Agnesi," alisema. "Mpelekee mumeo. Mgawane, na msigombane."

Agnesi alipokea bakuli, akaketi mkekani kando yake, wakaanza kula.