Barua Iliyosemwa Imefika

Kila Jumamosi, saa tisa alasiri, sebule ya Daktari Skolastika mtaani Kilakala iliacha kuwa sebule, ikawa ofisi. Eufrazia, bintiye wa pekee mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliijua kazi yake bila kukumbushwa. Alisogeza makochi ukutani, akapanga viti saba kuzunguka meza, akachemsha chai ya tangawizi, kisha akamfukuza jogoo wa jirani aliyewahi kuwika wajumbe wakiwa katikati ya kupiga kura.

Mama yake alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Tangu Januari alikuwa pia Mwenyekiti wa Chama cha Wahadhiri wa Menejimenti, yaani walimu wa vyuo wanaowafundisha watu namna ya kuongoza kiwanda, hospitali, shule au shirika lolote. Chama hicho hakikuwa na jengo. Ofisi yake ilikuwa popote alipoketi mwenyekiti, na mwaka ule haukumpa nafasi ya kuketi. Februari alizunguka Mbeya na Mwanza akiandikisha wanachama wapya. Aprili alihariri makala za jarida la chama hadi macho yakawa mekundu. Juni aliendesha semina ya wahadhiri vijana. Sasa ilikuwa Novemba, mwezi wa kongamano la mwaka, na watu themanini walikuwa wanakuja Morogoro kutoka vyuo vya nchi nzima.

Siku ya mwisho ya kongamano, Jumamosi, wageni wangepanda milimani hadi kijiji cha Lubange. Huko, wakulima wa mboga zaidi ya arobaini waligawana maji ya mfereji mmoja kwa zamu, na hakuna aliyekumbuka lini waligombana mara ya mwisho.

"Sisi tunafundisha uongozi kwa vitabu," mama alipenda kusema. "Wale wanaufanya kwa majembe. Ni haki twende tukajifunze."

Hata hivyo, Jumamosi ilikuwa siku ya wakulima wa Lubange kuteremsha kabichi na karoti zao sokoni mjini. Ili wabaki nyumbani kupokea wageni, walipaswa kuihamisha siku ya soko, nao walikuwa na utaratibu wao. Neno la kikundi halikupokelewa kwa simu. Liliandikwa katika barua, barua ikasomwa nje ya kigango, kanisa dogo la kijiji, baada ya ibada, Jumapili mbili mfululizo, ili hata aliyeumwa au kusafiri alisikie. Jumapili ya pili ndipo mikono ilipoinuliwa.

Barua ya chama yenye ombi hilo Eufrazia alipewa mwezi Oktoba, alipokuwa akienda Lubange kumsalimu bibi yake.

"Mkabidhi Mjomba Yeremia, mwenyekiti wa kikundi," mama alimwambia. "Mkononi mwake, si kwa mtu mwingine."

Alipofika kwa bibi, mvua ilikuwa imeanza. Binamu yake Happiness alikuwa anamenya magimbi ya moto jikoni.

"Kwa Mjomba Yeremia ni ng'ambo ya kijito, na mvua hii!" Happiness alicheka. "Utateleza hadi stendi ya mabasi ya Msamvu bila kulipa nauli. Kaa ule."

Eufrazia alikaa akala. Barua ilibaki ndani ya kitabu chake cha Jiografia. Kesho yake aliporudi nyumbani, mama alikuwa anaongea na simu huku anatafuta miwani.

"Barua umeifikisha?" aliuliza haraka.

"Ndiyo, Mama."

Neno lilitoka jepesi kama pumzi. Eufrazia alijiambia kwamba angeipeleka wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata kulikuwa na mtihani, na ile iliyofuata kulikuwa na mashindano ya kwaya. Jumamosi ya kwanza ya Novemba, akiwa anamimina chai, alimsikia mama akiwaambia wajumbe, "Barua ya Lubange imefika." Daktari Hashimu, katibu wa chama, mtu wa Tabora aliyependa kuwatania Waluguru, wenyeji wa milima ya Morogoro kama mama, akaandika katika muhtasari wa kikao.

"Kama ilipelekwa na Mluguru imefika kweli," alisema. "Ingekuwa ya kushuka bondeni ningekuwa na wasiwasi, maana hawa wakishuka huishia sokoni."

Wajumbe walicheka. Eufrazia alimwaga chai juu ya kisahani.

Ijumaa iliyofuata, jioni, mama alikuwa mezani na ratiba ya kongamano. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku moja. Eufrazia, aliyekuwa anakunja nguo, alimsikia akijibu simu ya Daktari Hashimu.

"Hapana, Yeremia hajajibu, lakini wale watu wa milimani hawana haraka. Kupotea? Haiwezekani, Daktari. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyeipeleka. Nikimtilia shaka huyo, nitamwamini nani?"

Eufrazia aliweka nguo chini. Kwa mara ya kwanza alihesabu kwa vidole. Kabla ya siku ya wageni zilibaki Jumapili mbili tu, ya keshokutwa na ile inayofuata. Akinyamaza hadi keshokutwa ipite, utaratibu wa Lubange usingetimia tena. Wageni themanini wangepanda mlima na kukuta milango imefungwa, wenyeji wako sokoni, na lawama ingemwangukia mama.

Alikwenda chumbani, akarudi na kitabu cha Jiografia. Alikiweka juu ya ratiba na kukifungua. Barua ilikuwa pale, muhuri wa chama ukiwa haujaguswa.

"Sikuipeleka, Mama. Nilidanganya."

Mama aliichukua barua, akaigeuza kuangalia muhuri. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Tangu Oktoba?"

"Tangu Oktoba."

"Kalale. Saa kumi na moja alfajiri tunapanda."

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Lakini njia ya kumrudisha mwongo kwenye ukweli, asubuhi ile, ilikuwa ndefu na ya kupanda. Udongo mwekundu ulinata kwenye viatu. Mama alitangulia, na Eufrazia alifuata na barua kifuani.

Walimkuta Mjomba Yeremia nyumbani kwake, akifunga matenga ya kabichi kwa kamba za migomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Dada Skola! Umekuja kununua kabichi kwa bei ya shambani? Nakwambia mapema, ndugu halipi pungufu."

"Tumeleta barua, Kaka," mama alijibu, kisha akarudi nyuma hatua moja.

Eufrazia alielewa kwamba hatua ile ilikuwa yake. Alimnyooshea barua kwa mikono miwili.

"Mjomba, barua hii nilipewa nikuletee mwezi uliopita. Nilikaa kwa bibi nikala magimbi kwa sababu ya mvua, halafu nikamwambia Mama nimeifikisha. Naomba radhi."

Mjomba Yeremia alifuta mikono kwenye suruali, akaisoma barua yote kimya, hata tarehe.

"Mvua!" alisema hatimaye. "Mwanangu, huku kwetu anayengoja mvua ikatike hapandi hata mchicha. Zamu yangu ya maji ikifika nikawa nimelala, aliye chini yangu anakosa maji, na aliye chini yake, hadi wa mwisho ambaye hata jina langu halijui vizuri. Mfereji ni mmoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

"Kesho itasomwa. Lakini siwaahidi kura. Mikono ni ya watu."

Alasiri ile ile viti saba vilipangwa kama kawaida. Eufrazia alileta chai, miguu ikimuuma. Daktari Hashimu alifika kwenye kipengele cha yatokanayo, ambapo wajumbe hupitia yale yaliyosemwa katika kikao kilichotangulia, wakiulizana kama yametendeka.

"Barua ya Lubange," alisoma. "Ilifika. Tuendelee."

"Tusiendelee," mama alisema. "Katibu, naomba uandike hivi. Mwenyekiti alikiarifu kikao kwamba taarifa aliyoitoa wiki iliyopita haikuwa ya kweli. Barua imefika leo asubuhi. Mwenyekiti alipokea neno bila kulihakiki, ilhali simu moja tu ingetosha kumuuliza Bwana Yeremia. Kosa hilo ni lake."

Kalamu ya Daktari Hashimu ilisita. "Mwenyekiti, hili tunaweza kulisahihisha kimyakimya. Barua si imefika? Nani atajua?"

"Mimi ninajua. Andika."

Hakumtaja mtu mwingine. Eufrazia alisimama mlangoni na birika. Angeweza kurudi jikoni, na hakuna ambaye angemwita. Aliweka birika chini.

"Aliyesema imefika ni mimi," alisema. "Mama aliniamini, na mimi nilimdanganya. Nawaomba radhi nyote."

Kisha Daktari Hashimu akaandika polepole, bila utani wowote, na mjumbe mmoja akamwambia Eufrazia, "Ahsante, mwanangu. Tumekusikia."

Jumapili mbili zilipita. Jumapili ya pili mchana simu ya mama ililia. Alikuwa Mjomba Yeremia. Mikono thelathini na miwili ilikuwa imekubali soko lihamie Ijumaa, na tisa ilikuwa imekataa. Hao tisa sasa wangesaidia kupika, kwa kuwa ndivyo kikundi kilivyofanya kazi.

Siku ya wageni, wahadhiri themanini walipanda mlima wakihema, wakasimama kando ya mfereji na madaftari yao. Eufrazia aligawa maji ya kunywa. Mhadhiri mmoja kijana alimuuliza Mjomba Yeremia ni nani huwasimamia wakulima wasiibiane zamu.

"Hakuna," Mjomba alijibu. "Mtu akisema amefungua maji, yawe yamefunguka."

Walipokuwa wakiteremka, mama alimshika Eufrazia bega. Lilikuwa jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ile Ijumaa.

"Mwaka huu nimesimamia safari, jarida, semina na kongamano," alisema. "Watu wataniambia hizo ndizo kazi za mwenyekiti, na wewe usiwakatalie. Lakini sikiliza, mwanangu. Zote zinasimama juu ya neno moja dogo, 'nimefanya', analolisema mtu kuhusu kazi aliyoifanya peke yake, bila kuonekana na yeyote. Neno hilo likiwa la kweli, hata watu arobaini huweza kufanya kazi bila msimamizi. Likiwa la uongo, hata watu wawili ndani ya nyumba moja hawawezi."

"Na mimi, Mama? Utaniamini tena?"

Mama alifungua mkoba, akatoa bahasha yenye muhuri wa chama. Ilikuwa barua ya shukrani kwa wakulima wa Lubange.

"Rudi juu umkabidhi Mjomba Yeremia. Mkononi mwake. Nakusubiri hapa."

Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka kileleni, na tone la kwanza la mvua likaangukia bahasha. Eufrazia aliifuta kwa kanga, akaiweka kifuani, akageuka kuupanda mlima.