Mti wa Nduguye Seruni

Tundu la kwanza lilipotobolewa mtini, Seruni alishtuka jikoni. La pili, akashika kiuno. La tatu, ungo wa mchele ukamponyoka.

"Siafu hao?" baba yake alimtania kutoka nyuma ya jiko, keekee mkononi. Hakungoja jibu. Akachukua bomba la sindano, akatia maji ya ukungu katika kila tundu. Mti wa udi haunukii mpaka uugue, naye alitaka miti yake iugue upesi, kwani Seruni alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Mataram, na karo ilitakiwa.

Jioni mkewe akauliza, "Baba Seruni, ule wa nyuma ya jiko umeuacha?"

"Nimeuacha. Kwani mimi mwendawazimu?"

Alidanganya. Chini ya mti ule alikuwa amefukia kondo la nyuma la Seruni ndani ya kifuu cha nazi, siku aliyozaliwa. Kwetu kisiwani Lombok kondo ni ndugu wa mtoto, hubaki ardhini likimlinda. Lakini ndio uliokuwa mti mnene kuliko yote, na tamaa mbele, mauti nyuma. Nasema tamaa, maskini, yalikuwa mapenzi.

Baada ya mwezi pumzi ya Seruni ikanukia udi. Majirani wakacheka, "Bi harusi huyo!" Kisha jasho likanukia, na nywele, na mto aliolalia, na kiunoni yakatokea madoa matatu meusi yaliyojipanga kama matundu, baba akayaona, akayafunika kwa shuka. Seruni hakuinuka tena kitandani.

Mganga, Bibi Nurise, alipoletwa, alinusa kiganja cha mgonjwa, akatema tambuu. Ndipo kinywa cha Seruni kikatoa sauti nyingine, nzito, kama ya mtoto aliyejaa udongo mdomoni.

"Baba, nimemlinda miaka kumi na saba. Mbona umenitoboa?"

"Nani huyo?" mama alinong'ona.

"Mwanao mwingine," Bibi Nurise alijibu, akimtazama Baba Seruni.

"Nitaziba, Bibi! Naziba kwa nta sasa hivi!"

"Ziba, mwanangu. Ila ukungu ukishaingia, hauitiki ukiitwa."

Aliziba matundu yote matatu, akiukumbatia mti na kuuomba radhi kwa kwikwi. Seruni alifariki Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri. Waoshaji maiti waliirudisha kafuri bila kuifungua, maana mwili ulinukia tayari. Tangu siku hiyo Mama Seruni hajamsemesha mumewe.

Mnunuzi wa udi alikuja mwaka uliofuata. Mti wa nyuma ya jiko ukakatwa. Ndani ulikuwa mweupe kama nazi.

"Hamna kitu humu, mzee," akasema. Kisha akainua pua. "Lakini pananukia. Udi wa daraja la kwanza! Umeuficha wapi?" Akaanza kuifuata harufu, taratibu, kuelekea makaburini.

Baba Seruni alimtangulia mbio, panga mkononi. Tangu hapo hashindi kwake, hulinda kaburi la Seruni. Kila asubuhi hulimwagia kaburi maji ili harufu ilale. Hailali. Naye akiinama na ndoo, husikia chini wakimwita Baba, sauti mbili.