Marahaba ya Tatu

Mtoto aliyelelewa vizuri Ujiji humwamkia baba yake asubuhi, mara moja, basi. Kwa hiyo Mwinshehe alipaswa kushtuka alipoamkiwa saa saba mchana.

Alikuwa ameinama ufukweni, kusini ya Ilagala, akinawa mikono ili wale ugali na samaki wa migebuka. Safari ilikuwa zawadi yake kwa Yasmini, binti yake wa miaka saba, aliyekuwa ndiye familia yake yote tangu mama mtu afariki. Mwinshehe aliazima gari la shemeji yake wafuate barabara ya ziwa wakatazame wanyama. Na walifaidi kweli: viboko wakipiga miayo mtoni Malagarasi, nyani barabarani waliomchekesha Yasmini mpaka akashikwa na kwikwi.

"Shikamoo baba," ilisema sauti ya Yasmini nyuma yake.

"Marahaba," akaitika bila kugeuka.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Yasmini alikuwa garini, amelala fofofo, mdomo wazi. Mwinshehe akajicheka, akasema ni jua. Wanaume wakiogopa hulisingizia jua.

Walipoondoka, gari lilinuka tope la ziwa. Yasmini alikaa mbele, akitafuta kima mitini, na nyuma sauti ikasema tena, "Shikamoo baba." Marahaba ikamtoka Mwinshehe kabla hajafikiri.

"Baba," Yasmini akanong'ona, "mimi sijasema kitu."

Akatazama kioo, akaona kiti cha nyuma kitupu kimelowa chapachapa, akakanyaga mafuta, akavuka mto bila kutazama viboko, akapita Simbo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kiganja cha mwanawe, kiganja kilichozidi kupoa kadiri walivyokwenda, na huko nyuma kitu kikipumua kila Yasmini alipopumua.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Katonga kwa Mama Merina, mganga ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo. Mama Merina akamfukiza mtoto ubani mpaka joto likamrudia, kisha akamwita baba nje.

"Umemwitikia mara ngapi, papa?"

"Mara mbili."

Mama Merina akamweleza kwamba ni jini la maji, halina wazazi, linatafuta wa kuliitikia. Anayelijibu marahaba amelikubali kuwa mwanawe. Marahaba ya tatu ikimtoka, jini litakaa nyumbani na Yasmini atakwenda ziwani. Wala asimwambie mtoto, maana analolijua Yasmini, na lenyewe linalijua.

Mwinshehe akapiga magoti akaomba litolewe.

"Mimi natoa wageni, papa," alisema Mama Merina kwa sauti ya chini. "Huyu si mgeni tena."

Akauliza, je, akimwona Yasmini kwa macho yake, midomo ikitikisika, hawezi kumjibu yeye peke yake? Mama Merina akatikisa kichwa. Watasema pamoja, na akimjibu mmoja amewajibu wote wawili.

Wiki tatu sasa. Kila asubuhi Yasmini husimama mlangoni na sare yake ya shule, akaamkia, na sauti ileile huamkia kutoka kwenye pipa la maji uani. Mwinshehe humpapasa kichwa tu, meno ameyabana. Majirani wanasema kuondokewa na mke kumemharibu.

Leo Yasmini hakuondoka.

"Shikamoo baba." Akangoja. "Baba, nimekosa nini?"

"Baba, nimekosa nini?" likauliza pipa.

Mwinshehe akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, marahaba isimponyoke, machozi yakimtiririka vidoleni. Yasmini akangoja kidogo, akajifuta uso kwa mkono wa sare, akaenda shule.

Uani, ndani ya pipa, yule mwingine alibaki akilia, kilio cha mtoto mdogo asiye na mtu. Alilia mpaka adhuhuri, na Mwinshehe, Mungu amsamehe, akaanza kumwonea huruma.