Chafya ya Mtoto wa Weldon

Mtoto alikataa kupiga chafya. Mambo yalianzia hapo, kwa kitu kidogo hivyo.

Kwao Weldon, kule Ndanai, mtoto akizaliwa akina mama humwitia majina ya watu wa ukoo waliokufa, moja moja. Jina litakalomfanya apige chafya ndilo lake, na aliyekuwa nalo amerudi ndani yake. Mwaka huo wa 1993 waliita mpaka sauti zikawakauka. Hata ugoro walimnusisha. Wapi! Kasichana kalikodoa macho tu, na kuanzia siku hiyo kakakataa ziwa. Siku ya nne Chepkosgei aliweza kuhesabu mbavu za mwanawe.

"Kuna jina tumesahau," alisema Rodah, mama mkwe wake. "Asiye na jina hana wa kumshika hapa."

Weldon akapanda baiskeli hadi parokiani, kunakowekwa vitabu vya ndoa vya zamani. Akarudi na karatasi yenye majina kumi na matatu.

"Jina hili la mwisho limekatwa na wino mwekundu kule kitabuni," akamwambia mkewe. "Gekara, karani wa parokia, amesema tulisome na macho tu, tusilitoe kwa mdomo."

Kisha akabeba kikapu chake cha majani chai, akaharakisha kwenye kituo cha kuuzia chai kabla ya mvua.

Mvua ya saa tisa ilikuja na mawe yake, ikayapigia mabati kelele. Chepkosgei akaketi kitandani, mtoto mapajani, akasoma polepole huku Rodah akisugua kibuyu cha maziwa kando ya moto. Majina kumi na mawili. Kimya. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya samawati. Haya basi, moja tu, litamdhuru nini kuliko njaa?

"Tabutany," akanong'ona.

Mtoto akapiga chafya.

Kibuyu kikamponyoka Rodah. "Wewe! Umeita nani?"

"Mama, si ungenikanya?"

"Ningekukanya vipi bila kumtaja?" Rodah alikiacha kibuyu palepale. "Ni mke wa kwanza wa Kipkurui, babu yake Weldon. Kipkurui alisema mkewe ana pepo, akamfungia ndani, akatia komeo kwa nje. Wakamsikia akigonga siku mbili. Siku ya tatu hakugonga. Hakuna aliyemfungulia, hata mmoja! Ndipo ukoo ukaapa hataitwa kwa mtoto yeyote, asije akapata pa kurudia."

Harufu ikaingia, ya jivu baridi na mkojo, harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Halafu, nje ya mlango, chuma kikasugua chuma. Rodah akarukia mlango, akauvuta. Haukutikisika.

"Rudia yale mengine!" akalia. "Apige chafya nyingine, huyu atoke!"

Wakaita yote kumi na mawili, wakayarudia, wakaita na ya wajomba na ya shangazi na ya watu ambao hata hawakuwa na hakika kama waliwahi kuishi, na kadiri walivyoita ndivyo ile harufu ilivyozidi na mtoto alivyozidi kulegea mikononi, macho yamegeuka juu, pumzi inakuja, inapotea, inakuja, mpaka ikapotea na haikurudi.

"Tabutany!" Chepkosgei akapiga kelele. "Tabutany, nyonya, mama!"

Mtoto akavuta pumzi, akalishika ziwa, akanyonya kwa pupa. Chepkosgei akalia kwa sauti, kwa furaha na kwa woga, hakujua kipi ni kipi.

Mlango ukasukumwa kutoka nje. "Fungueni, nanyeshewa!" Alikuwa Weldon.

"Fungua wewe!" Rodah akajibu. "Toa hilo komeo!"

Weldon akaupapasa mlango. "Komeo gani, mama? Huku nje hakuna komeo."

Mtoto akaliachia ziwa. Midomo ikaanza tena kugeuka rangi. Alikuwa akimtazama mamake, anangoja aitwe.

Chepkosgei akaangalia mlango, akamwangalia mtoto. Akamwita tena kwa jina lake, na huko nje komeo la pili likaingia.