Vanishi Kwenye Viko Saba

Saa sita mchana soko la mbao halina adabu. Misumeno ya umeme inapiga kelele, wapakiaji wanapita na mbao begani bila kujali nani yuko mbele, na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Hapo hapo, kwenye lundo la masalia, mikono miwili ilishika kipande kimoja cha mzizi kwa wakati mmoja.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa msichana aliyevaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya rangi na kilemba cha njano kilichofungwa kwa madaha. Alikuwa fundi wa vanishi kwenye karakana ya samani, na wenzake walimwita Kioo, kwa sababu meza ikitoka mikononi mwake unaweza kuchania nywele juu yake. Mkono wa pili ulikuwa wa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, penseli nyuma ya sikio.

"Kaka, nimeshika kwanza," alisema Kioo.

"Sikatai. Ila mimi nauangalia huu mzizi tangu saa nne."

"Kuangalia ndiyo kununua siku hizi?"

"Unataka kuufanyia nini?"

"Vishikio vya droo. Na wewe?"

"Viko."

"Viko vya kuvutia tumbaku?" Alimpima juu mpaka chini. "Kwani una miaka mingapi wewe?"

"Thelathini na moja."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa achia mzizi."

Kioo akacheka, na kwa kucheka huko alikuwa ameshakwisha, ingawa hakujua bado. Kijana akachomoa penseli, akafuata mistari ya mbao kwa ncha yake, akachora vichwa vitatu vidogo vya viko. "Unaona? Mmoja amelala hapa, mwingine hapa, mwingine huku. Kazi yangu ni kuwaamsha tu." Mwisho waliukata mzizi nusu kwa nusu, na kwenye nusu ya Kioo kijana akaandika namba yake ya simu.

"Ya nini?"

"Ukishindwa na hivyo vishikio, unipigie nije niuchukue."

"Mimi sijawahi kushindwa na mbao."

Jioni ileile akampigia kumwarifu kwamba hajashindwa. Waliongea dakika arobaini.

Kuanzia hapo simu hazikukatika. "Halo, babu, miguu haikuumi leo?" "Inauma, mpenzi, nahitaji wa kunishika mkono nivuke barabara." Na Kioo, ambaye wanaume wa karakana walimwogopa kwa ulimi wake, alikuwa anatembea akitabasamu peke yake barabarani.

Karakana ya Babu ilikuwa chumba cha nyuma katika duka la ushonaji la dada yake mkubwa. Meza moja, jiliwa moja la kubania mbao, tupa zimepangwa kwa ukubwa, harufu ya mbao na nta. Siku ya kwanza alipomkaribisha, Babu alimwonyesha jambo lililomkosesha usingizi miaka mingi: tundu mbili. Moja inashuka kutoka juu, ndiyo bakuli la kuwekea tumbaku. Nyingine, nyembamba, inaingia kwa ubavuni kupitia shina la kiko. Zinatakiwa kukutana chini kabisa ya bakuli, bila mtu kuona ndani.

"Zikipishana kwa unene wa ukucha, kazi ya siku tatu naitia motoni," alisema. Akapitisha waya mwembamba kwenye shina, na ncha yake ikachungulia palepale panapotakiwa. Kioo alimtazama akipumua kwa raha kama mtu aliyetua mzigo, na moyo ukamwambia waziwazi: huyu ndiye.

Dada mkubwa naye alikuwa na lake. "Mdogo wangu, hiki chumba nimekuachia miaka miwili," alisema mbele ya wote wawili, pini zimebanwa mdomoni. "Jumamosi mwenye duka la tumbaku anakuja. Akivichukua viko vyako, endelea, nitakupigia makofi. Asipovichukua, Jumatatu unakwenda kwa mjomba kutengeneza fremu za milango. Mimi nahitaji nafasi ya cherehani."

"Sawa, dada."

"Sawa yako naijua."

Mpaka Ijumaa viko saba vilikuwa tayari, vimepangwa kwenye kitambaa cheupe. Babu akaenda kuchukua midomo ya viko kwa fundi wa mashine ya kukereza, akamwachia Kioo ufunguo. Alikuwa amemweleza kila kitu kuhusu viko, isipokuwa jambo moja ambalo kila mchonga viko analijua hata haoni haja ya kulisema.

Kioo alivitazama vile viko, akaona huruma. Vilikuwa vizuri, lakini vimepauka kama watoto waliotoka kuoga wasipakwe mafuta. Mgeni mkubwa anakuja, chumba kiko hatarini, na yeye, bingwa wa kung'arisha, akae tu? Alifungua mkoba wake, akatoa vanishi ya spiriti inayokauka upesi, akavipaka tabaka tatu nyembamba kwa mapenzi yake yote. Viko vikameta.

Babu alirudi saa kumi na moja. Akasimama mlangoni. Akakichukua kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Akakaa kwenye kigoda, akafunika uso.

"Babu? Si vimependeza?"

Babu hakuondoa mikono usoni.

"Sema basi."

"Nenda nyumbani, Kioo. Tafadhali."

Kioo hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliufunga mkoba, akapita kwa dada mkubwa bila kuaga. Simu ilipoita njiani hakuipokea. Ilipoita mara ya tano aliizima. Kazi yake ilikuwa imesifiwa na kila aliyewahi kuiona, na mtu mmoja aliyemtaka zaidi ya wote ameshindwa hata kuitazama. Aliumia, tena sana.

Nyumbani akaweka chai jikoni, akabaki anakigeuzageuza kishikio kimoja cha droo alichokichonga kutoka kwenye ule mzizi na kukipaka vanishi ileile. Kwa hasira akakitupa kando ya jiko. Chai ilipochemka alikiona. Vanishi ilikuwa imefura malengelenge na kunuka vibaya. Kioo akakishika, kikamchoma vidole, na hapo akaelewa yote kwa mpigo. Kiko kinabeba moto tumboni, na mbao yake inatakiwa kupumua. Yeye ameiziba pumzi.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa mlangoni na chupa ya spiriti, pamba, na vitambaa laini. Babu alikuwa ameshaamka, anakwangua kiko kimoja kwa msasa, nacho kimekwisha umbo.

"Weka chini," alisema Kioo. "Msasa unaondoa vanishi pamoja na mbao. Hii ni kazi yangu, si yako."

"Kioo, jana mimi..."

"Baadaye. Saa nne mgeni yuko hapa. Shika pamba."

Wakakaa goti kwa goti. Kioo analowesha, anasubiri, anafuta kufuata mistari ya mbao. Babu anakausha na kusugua nta. Kwa saa tatu vidole vilikuwa vinagusana kuliko kazi ilivyohitaji. Dada mkubwa alichungulia, akasonya, akawaletea chai.

Mwenye duka la tumbaku aliingia saa nne kamili, mzee mwembamba mwenye suti ya kijivu na lenzi mfukoni. Alikagua kimoja, akakinusa, akakunja uso.

"Hiki kinanuka spiriti."

Babu alifungua mdomo, Kioo akamtangulia. "Ni mimi, mzee. Nilivipaka vanishi kwa kutojua. Yeye hana kosa."

"Na nani aliyeitoa?"

"Mimi pia. Asubuhi hii."

Mzee aliinamia lenzi kwa muda mrefu. Dada mkubwa alikuwa ameacha cherehani. "Miaka arobaini nauza viko," mzee alisema hatimaye. "Sijaona vanishi ikitolewa bila kuchubua mbao. Viacheni hivi sita vipigwe upepo mwezi mmoja, nitavichukua vyote. Na kila mwezi nataka sita. Tena ninavyo viko vya zamani vilivyoharibiwa kwa vanishi, kabati zima. Huyu binti atanisafishia." Akatoa daftari. "Oda niandike kwa nani? Ni wako huyu?"

"Ni mke wangu," alisema Babu. "Akikubali."

Kioo aliona chumba kinazunguka kwa furaha, lakini ulimi wake haukuzunguka. "Jana ulininyamazia. Nililala najiona mchafu. Ukikasirika na mimi, utasema?"

"Nitasema."

"Hata kama ni jambo baya?"

"Hata kama ni jambo baya. Jana niliogopa nikifungua mdomo nitakupoteza. Nikaufunga, nikakupoteza."

Mzee alikohoa kidogo, kalamu bado iko hewani. "Wanangu, niandikeje?"

Kioo alivua kilemba, akajifuta machozi nacho, akamgeukia.

"Andika mtu na mkewe."