Kahawa ya Chedly

Daktari alikuwa bado anachovya pamba kwenye mabaki ya kahawa na kuitia katika kichupa. Chini ya maikrofoni ililala maiti ya Chedly Gharsalli, mchekeshaji wa redio. Maimamu walimlaani, mawaziri walimshtaki, na bado mji mzima wa Sfax ulimsikiliza kila magharibi ya Ramadhani huku ukifuturu kwa supu. Kazi yake ilikuwa kuwapigia watu simu, kuwadanganya, kisha kuwacheka hewani.

“Sumu ya panya,” daktari alisema. “Na ameinywa mchana.”

Inspekta Lamjed aliwahoji wafanyakazi mmoja mmoja.

“Chedly alikunywa kahawa mchana,” alimwambia mkurugenzi.

“Mwezi huu? Astaghfirullah! Yule aliyekuwa anatusimanga tukipiga miayo?”

Mhudumu wa mapokezi aliziba mdomo kwa kiganja.

Wa mwisho alikuwa Mongi, fundi mitambo. Aliposikia habari ya kahawa, aliendelea kukunja waya wake.

“Hukushtuka,” Lamjed alisema taratibu.

“Kufa kwake kumenishtua.”

“Nasema kahawa.”

Mikono ya Mongi ikasimama.

“Siri hiyo nani aliijua?”

“Mimi tu. Miaka tisa namfichia. Nawasha taa nyekundu ya matangazo, hakuna anayethubutu kuingia, yeye anakunywa.”

“Na leo nani alimletea?”

“Mimi, bwana mkubwa.”

“Alikukosea nini?”

Mongi alibonyeza kitufe. Sauti ya Chedly ikatoka nzito, kama ya afisa wa serikali: “Mama, mwanao Wanis hakufa baharini. Yuko hospitali, Italia. Wiki hii tunamleta.” Kisha vigelegele vya mwanamke mzee, kilio, dua.

“Ni mama yangu,” Mongi alisema. “Wanis ni mdogo wangu. Alipanda boti mwaka juzi, hatujaona hata kiatu chake.”

“Chedly alijua?”

“Alijua! Leo angempigia hewani, amwambie ni mzaha, watu wasikie atakavyolia. Nilimbusu kichwa nikimsihi aifute. Akaniambia, ‘Acha uzito, Mongi, hii ndiyo bora ya mwaka.’”

“Kwa nini wewe hukumwambia mama?”

“Nilijaribu. Nikamkuta anafua shuka za Wanis. Nikaishia kumsaidia kuzianika.” Alimshika Lamjed mkono. “Nifungeni, sina neno. Lakini nani atamwambia?”

Lamjed alimwacha na askari, akaenda mwenyewe kwa yule mama. Njia nzima alipanga maneno ya kumweleza habari za wanawe wawili, akayapangua, akayapanga tena.

Bibi kizee alifungua mlango kabla Lamjed hajagonga mara ya pili. Alikuwa amejipaka hina.

“Wewe ndiye yule afisa wa kwenye simu? Yuko wapi mwanangu?”

Nyuma yake, sahani tatu mezani. Adhana ikaanza.

“Ingia kwanza ufuturu, mwanangu. Mongi naye kachelewa. Hiyo redio yao itamuua!”

Lamjed alizitazama zile sahani.

“Kesho, mama,” alisema hatimaye. “Nitakuja kesho.”