Gia Haikuwa na Kosa

Alhamisi hiyo soko la Kilwa Masoko lilijaa mpaka njia za katikati zikaziba. Ridhiwani alikuwa ameulizia spana ndogo ya pembe sita kwa wauza vyuma watatu na kwa fundi baiskeli, na wote walimwelekeza mahali pamoja: kibanda cha mwisho, nyuma ya wauza muhogo mkavu, kwa Mwanahija fundi cherehani.

Alimkuta amelaza cherehani ubavu, anaichokonoa. Alivaa dera la zambarau lenye maua meupe, mikono ameikunja hadi viwikoni, na mtandio wa rangi ya bizari ameufunga kwa nyuma usiingie kwenye mafuta. Vidole vilikuwa vyeusi kwa grisi, lakini kucha zilikuwa na hina.

"Spana ninayo," alisema bila kuinua uso. "Ya nini?"

"Ya kifaa changu."

"Kila anayekuja hapa ana kifaa chake, kaka. Spana yangu haitoki mpaka nijue inakwenda wapi."

Ridhiwani alicheka. Alikuwa mpima viwanja wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Likawage huko bara kwenye mikorosho, mtu ambaye bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa kijana mkubwa. Buti zake zilijaa vumbi jekundu, shati limepigwa pasi. Akafungua begi na kutoa chuma kizito chenye mihimili miwili.

"Hiki ni kitako cha darubini. Kinazunguka polepole kuzifuata nyota, ili kamera ipige picha moja kwa dakika tano na nyota zitoke duara. Zangu zinatoka ndefu kama mbegu za tikiti."

Mwanahija alikipokea, akakitikisa karibu na sikio.

"Gia yako inacheza. Kuna nafasi kati ya meno na hii skurubu inayoizungusha. Umekuwa ukilaumu nini muda wote huo?"

"Upepo."

"Maskini upepo," alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

Jioni ya pili yake Mwanahija alikwenda kukifunga mwenyewe. Ridhiwani alikuwa amepanga chumba kwa Bi Ziada, mjane mwenye nyumba juu ya mwamba wa matumbawe karibu na ufuko, na darubini aliisimamisha uani, kwenye sakafu ya zege ya chumba ambacho hakikuwahi kujengwa kuta.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nitakaa hapa hapa na tasbihi yangu. Nyinyi tengenezeni hayo machuma."

Kilwa iko karibu na ikweta, kwa hiyo kitako kilitakiwa kilazwe sana, kielekee kusini chini. Kila kilipolazwa, chuma cha uzito kilichosawazisha darubini kiligonga mguu wa mbele. Kwa wiki tatu Ridhiwani alikuwa akikiinua kidogo ili kipite, na hapo ndipo mahesabu yote yalipoharibika. Mwanahija alichuchumaa, akatazama, akaizungusha miguu mitatu mpaka uwazi kati ya miguu miwili ukawa chini ya uzito. Kikapita bila kugusa kitu.

"Wiki tatu," Ridhiwani alisema.

"Usimwambie mtu. Nami sitasema."

Aliikaza gia mpaka ikakwama, kisha akailegeza kidogo mno, akisikiliza. Halafu akausogeza uzito upande mmoja kwa nusu ukucha. "Usiusawazishe kabisa. Uelemee upande mmoja, meno yasipate nafasi ya kucheza."

Usiku wa manane simu yake ililia.

"Fundi wangu, umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

"Nyota ni duara. Zote. Nimeona niwaambie watu wote, nikaona nianze na wewe."

"Na baada yangu utamwambia nani?"

"Sijui. Nimeishia hapo."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mchana Ridhiwani alimpigia akiwa porini na kamba za kupimia, jioni alipita sokoni na kashata. Alimwita fundi, kisha fundi wangu, kisha Hija tu. Yeye alimwita Ridhi, na alipotaka kumchokoza, Bwana Mbegu za Tikiti.

Mwanahija aliishi na mdogo wake wa kiume, Abilahi. Wazazi walifariki wao wakiwa wadogo, yeye akamlea kwa cherehani za watu. Sasa Abilahi alikuwa na miaka ishirini na mbili, pikipiki mpya, na safari za kuvua kwa taa katika siku za giza, mwezi usipokuwapo. Alileta nyumbani samaki aina ya changu, wazuri kwa nje. Mwanahija alipowapasua alikuta nyama imelegea kama uji na mifupa imevunjika ndani. Aliwapika na hakusema kitu. Stoo ya nyuma ikawekewa kufuli ambalo yeye hakuwa na ufunguo wake.

Giza la mwezi wa nane, Ridhiwani alimwonyesha kompyuta yake. Kamera ndogo ya pembeni ilikuwa ikiangalia nyota moja usiku kucha na kuchora mstari wa jinsi kitako kinavyoifuata. Mstari ulikwenda shwari kama uzi uliovutwa. Kisha ukaruka ghafla, ukatulia.

"Tazama. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Tena saa kumi na arobaini. Jana yake hivyo hivyo, zikipishana dakika chache. Mimi nakuwa ndani nimelala, mashine inafanya kazi yenyewe. Nimekagua nyaya. Nimeziba upepo kwa turubai. Bi Ziada anasema hakuna mbwa anayepita. Picha zinazopigwa wakati huo, kila nyota ina vichwa viwili."

Mwanahija aliukazia macho mstari. Usiku ule alikuwa ameamka saa kumi kwa kiu, na akiwa amesimama mtungini alisikia mshindo mzito chini ya nyayo, kama gunia lililoangushwa nyumba ya jirani. Baada ya muda ukaja mwingine. Abilahi alirudi alfajiri, nguo zimelowa, akinuka kitu kilichoungua.

"Ni gia," Mwanahija alisema. Sauti ilimtoka vizuri kuliko alivyotegemea. "Ina jino bovu. Nipe niende nayo."

Usiku alimngoja mdogo wake mlangoni.

"Abilahi, mnarusha mabomu."

"Nani kakwambia?"

"Najua. Wacha. Utakatika mikono. Utakufa."

"Giza hili tu, dada. Likiisha naacha." Kisha akafikiri. "Au ni yule mpimaji wako? Wanasema ana mashine inaangalia usiku kucha."

"Anapiga picha za nyota."

"Basi azipigie kwao Likawage." Alisema taratibu, akivua viatu. "Wenzangu si watu wa maneno mengi, dada. Mwambie."

Hakumwambia. Aliiweka gia ndani ya kopo la maziwa chini ya meza yake. Ridhiwani alipouliza alisema bado, kesho, jino linataka kusuguliwa pole pole. Mwezi ukaja ukajaa, ukapungua. Aliirudisha giza lilipokaribia tena, kwa sababu hakuwa na uongo mwingine.

Usiku wa kwanza wa giza hilo Ridhiwani hakulala. Alikaa kwenye zege peku, kompyuta mapajani. Saa kumi kasoro dakika tano ardhi ilimgonga kisigino. Mstari ukaruka mbele ya macho yake. Mbali baharini taa moja ilizimika.

Aliitoa gia papo hapo, akaikagua kwa tochi na kioo cha kukuzia, jino kwa jino. Kulipokucha alipiga simu.

"Gia haina kosa, Hija."

Alisikia ufagio ukiwekwa chini upande wa pili.

"Tangu ulipoikaza haijawahi kuwa na kosa. Ni baruti. Wewe mzaliwa wa hapa, fundi anayesikia skurubu ikilegea. Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponionyesha mstari."

"Nikakaa mwezi mzima nakungoja unirudishie gia. Nani unamficha?"

Kabla hajajibiwa, Ridhiwani alipata jibu. Aliikumbuka pikipiki mpya ya Abilahi.

"Nina rekodi za kila usiku hapa," alisema, "saa na dakika. Ningeweza kwenda kituoni leo."

"Ni mdogo wangu, Ridhi. Nimemlea mimi."

Ridhiwani alikata simu. Siku nne hakupita sokoni wala hakupiga. Siku ya tatu alikuta mguu mmoja wa darubini umekatwa kwa msumeno, darubini imelala kifudifudi, kioo kimepasuka. Bi Ziada alisema hakusikia kitu, na tangu siku hiyo akawa analala kwa dada yake.

Siku ya tano, asubuhi, Mwanahija alisimama kwenye zege. Alivaa baibui jeusi, hana hina, macho yamevimba. Aliutazama mguu uliokatwa, akaupitishia kidole.

"Huu ni msumeno wangu," alisema. "Wa chuma. Jana niliukuta na vumbi jeupe." Akainua uso. "Nipe zile rekodi. Nakwenda nazo kituoni mwenyewe."

"Nimezifuta."

"Umefanyaje?"

"Siku ile ile nilipokukatia simu. Nilikaa nazo mpaka jioni, nikazifuta zote. Niliona nikizipeleka nitakuwa nimekupoteza. Basi tena, nikakupoteza bila hizo."

Mwanahija alikaa chini kwenye zege. Alilia bila sauti. Ridhiwani alikaa kando yake, hakumgusa, kwa kuwa mlango wa uani ulikuwa wazi na njia ina watu.

"Leo usiku wanatoka tena," Mwanahija alisema, akijifuta macho. "Abilahi ameniambia yeye ndiye atakayerusha. Mwenzao aliyekuwa akirusha amekatika vidole."

"Twende wote."

"Hapana. Wewe kaa. Wasije wakasema mgeni kanituma."

Alikwenda peke yake, bila rekodi. Alimweleza mkuu wa zamu juu ya stoo, kufuli na chupa alizochungulia kwenye ufa wa mlango, zimefungwa kwenye gunia, na akaomba kitu kimoja: wamkamate nyumbani, wasimfuate baharini, asije akashika moto mkononi kwa hofu. Polisi walikuja saa kumi na mbili jioni, Abilahi akiwa anakula wali aliopikiwa na dada yake. Alinyanyua mikono yote miwili. Alipopitishwa mlangoni alimtazama Mwanahija mara moja, na akaelewa.

Wenzake walitoroka Kilwa Masoko usiku huo huo. Hakimu alimpa Abilahi miaka mitano.

Mwezi wa kumi na mbili Ridhiwani alitaka kupeleka posa, na hapo likajitokeza jambo ambalo wote wawili walikuwa wakilizunguka. Baba hayupo, babu hayupo, ami hana. Walii wa Mwanahija, mwanamume wa kumwozesha, alikuwa mmoja tu: Abilahi. Sheikh aliwaambia aulizwe kwanza.

Ridhiwani alipanda basi la kwenda gerezani Lindi, kanzu mpya, kofia ya kufumwa. Walikaa na Abilahi meza moja, askari pembeni. Kijana alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa.

"Nimekuja kumwomba dada yako."

Abilahi alishusha macho. Mikono yake ilikuwa mezani, vidole vyote kumi, na alivitazama kama anavihesabu.

"Yule aliyerusha badala yangu, kule walikokimbilia," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia. Bomu lilimlipukia, tumemzika kijijini Kikole."

"Ningekuwa mimi."

"Ndiyo."

Kengele iligongwa. Abilahi alisimama, akasema maneno machache, akaondoka bila kugeuka.

Mwanahija alikuwa kibandani, cherehani ya mtu imelala ubavu mbele yake, simu ilipolia.

"Amekubali," Ridhiwani alisema. "Amempa sheikh uwakala wa kukuozesha. Karatasi ninayo."

"Na nini tena?"

Ridhiwani alisimama nje ya ukuta mrefu wa gereza, jua linamchoma shingoni. Ingekuwa rahisi kuishia hapo.

"Kasema usiende kumwona. Kasema hataki kukuona."

Kelele za soko zilisikika upande wa pili, mtu anapigia debe muhogo. Mwanahija alifuta grisi kwenye vidole, kimoja kimoja, kwa kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa kichafu.

"Siku za kuonana ni zipi?" aliuliza.

"Leo Ijumaa, kesho na Jumapili."

"Basi usirudi leo. Nitafutie mahali pa kulala, kwa watu wa heshima. Nakuja na basi la alfajiri. Akikataa kutoka nitakaa hapo nje, Jumapili nitakaa tena, na wewe utakaa na mimi."

"Nitakaa," alisema Ridhiwani.